Kisima Kinasingiziwa

Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuna hukumu iliyokwisha kutolewa na ambayo hakuna anayeikatia rufaa: mawe ya figo yanaletwa na maji ya chumvi. Utaisikia kwenye baraza za chai mjini Garissa, utaisikia Habaswein na Mandera, na utaisikia hata kwa mwenye duka la dawa akimfungia mteja vidonge vya maumivu. "Ni maji yetu haya, adeer. Kwani birika la nyumbani hulioni?" Na kweli birika lipo, limeganda ukoko mweupe ndani ambao hata ukikwanguliwa kwa kisu hautoki. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Nasema hukumu hiyo imekosewa, na kosa lenyewe lina madhara. Linawafanya watu wanywe maji kidogo, linawaachisha maziwa, na linawapa viongozi wetu pa kujifichia. Visima vyetu vina makosa mengi, lakini hili si lao.

Imani yenyewe ni ya zamani. Maofisa wa kikoloni waliopelekwa Wajir, wale wale waliojianzishia kwa mzaha klabu ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, katika mji usio na mto wala ziwa, walilalamikia maumivu ya mkojo na kuyatupia lawama maji ya visima vya pale. Wakayapa maumivu hayo jina la kejeli: kisonono cha Wajir. Mji huo umekaa juu ya mawe ya chokaa, visima vyake ni vifupi, na maji yake mtu huyaonja chumvi kabla hayajafika kooni. Anayeyanywa maji hayo, kisha akaumwa, kisha akaambiwa na daktari kwamba ana jiwe, hahitaji mtu wa kumuunganishia mambo. Lisemwalo lipo, wazee watakwambia. Lakini linalosemwa hapa ni kwamba watu wanaugua mawe, na hilo silipingi. Ninachopinga ni aliyeshtakiwa.

Tuanze na birika, kwa kuwa ndilo shahidi mkuu. Ukoko ule ni kabonati ya kalsiamu, na umejitenga na maji kwa sababu maji yamechemshwa. Figo haichemshi kitu. Jiwe la kabonati tupu kama ile ni nadra mno kulikuta katika figo ya binadamu. Mawe mengi, kiasi cha 7 hadi 8 katika kila 10, ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti, na oksaleti haitoki kisimani. Inatoka kwenye majani ya chai, mchicha na karanga, na nyingine inatengenezwa na ini letu wenyewe. Yako pia mawe yasiyokuwa na kalsiamu hata chembe, na nitayafikia.

Halafu kuna hesabu ambayo nashangaa hakuna anayeifanya. Chukua maji magumu yenye miligramu 100 za kalsiamu katika kila lita. Ukinywa lita 3 kwa siku, umepata miligramu 300. Kikombe kimoja cha maziwa, cha robo lita, kina kiasi hicho hicho. Kama kalsiamu ya kwenye maji ndiyo inayojenga mawe, basi jamii iliyolelewa kwa maziwa ya ngamia vizazi na vizazi ingekuwa imekwisha zamani.

Wengi wetu tuna ndugu Dubai, Doha au Jeddah. Waulize maji ya bomba wanayoyatumia yanatoka wapi. Kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyopitishwa kwenye mitambo mikubwa mpaka chumvi ikatoka. Hata yakirudishiwa madini kidogo, hakuna kisima cha Wajir kitakachofikia ulaini wake. Pamoja na hayo, nchi hizo zimo katikati ya eneo ambalo madaktari wa njia ya mkojo huliita ukanda wa mawe, linaloanzia Misri na Sudan, likapita Bara Arabu, Iran, Pakistan na India, hadi Thailand na Indonesia. Saudi Arabia hutajwa miongoni mwa nchi zinazosumbuliwa zaidi na mawe duniani. Maji laini, mawe tele. Mwenye kulishtaki birika anijibu hapo.

Marekani nako kuna ukanda wa mawe, na umekaa kusini-mashariki, majimbo kama Carolina ya Kusini, ambako joto ni kali na maji ni laini. Milima ya Rocky, yenye maji magumu, ina afadhali. Watafiti waliolinganisha maeneo ya nchi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuta mambo kinyume cha walivyotarajia: kadiri maji yalivyokuwa magumu, ndivyo mawe yalivyopungua.

Kisa ninachokipenda zaidi kinatoka Norfolk, Uingereza. Katika karne ya 18 na ya 19 watoto wa maskini wa mkoa huo walikuwa wakiota mawe kwenye kibofu kwa wingi wa kutisha, kiasi kwamba hospitali iliyofunguliwa Norwich miaka ya 1770 ilijulikana kwa upasuaji wa kuyatoa. Wakati huo nako maji yalishukiwa, maana yalikuwa magumu, yakitoka kwenye miamba ya chaki. Leo maji ya Norfolk bado ni magumu vile vile na miamba ile haijahama. Mawe ya watoto ndiyo yaliyotoweka, kwa sababu chakula cha maskini kilibadilika: badala ya mtoto kushibishwa uji wa nafaka peke yake, alianza kupata maziwa. Kaskazini-mashariki mwa Thailand madaktari waliyakuta hayo hayo katika karne iliyopita, kwa watoto waliokuwa wakilishwa wali mtupu tangu uchangani.

Kwa hiyo hali ya hewa haina neno? Ina neno kubwa sana, ila si lile linalosemwa barazani. Figo imepewa kazi ya kutoa takataka zile zile kila siku, iwe imeletewa maji mengi au machache. Mjini Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 mwezi wa Februari na Machi. Mtu anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita kadhaa za jasho kabla ya adhuhuri. Maji hayo yasiporudishwa, kinachobaki kwa figo ni kidogo, na mkojo unatoka mzito, umekolea, wa rangi ya kahawia. Chumvi ambazo zingeyeyuka kwenye lita 2 za mkojo zinabanana kwenye nusu lita, na hapo ndipo chembe zinapoanza kushikana.

Hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 60,000 kutoka miji 5, ikiwemo Dallas na Philadelphia: siku za joto zikija, wenye mawe huongezeka, na ongezeko kubwa huonekana ndani ya siku 3 tu. Wanajeshi wa nchi hiyo waliopelekwa Kuwait na Iraq, wale waliopatwa na mawe, dalili ziliwashika baada ya miezi 3 hivi kwa wastani. Miezi 3 ya jangwa ilitosha. Wala hawakuwa wameonja maji ya Habaswein.

Sasa chukua mama anayeuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Amefika alfajiri na madumu yake, amevaa jilbabu, amekaa chini ya turubai. Choo kiko mbali na ni cha kulipia, na akiinuka nani atamwangalizia biashara? Basi anafanya kile ambacho wanawake wa sokoni wanakijua bila kufundishwa: hanywi. Chai ya rangi nusu kikombe saa 4 asubuhi, kikombe kingine alasiri, na maji atakunywa akifika nyumbani magharibi. Kutwa nzima amekwenda haja ndogo mara moja, pengine asiende kabisa. Siku ubavu utakapomshika, maumivu yakateremka hadi kinenani na kumtapisha, majirani watasema ni maji ya chumvi. Maji gani, naye hakuyanywa?

Mchungaji anayeondoka na kidumu cha lita 3 cha yeye na mwenziwe kwa siku nzima, fundi wa mawe, kijana wa bodaboda, wote wamo humo. Mtafuna miraa pia yumo, ingawa miraa yenyewe husingiziwa zaidi ya inavyostahili. Mwenye kukaa nayo toka alasiri hadi usiku wa manane huishushia soda na chai ya sukari nyingi, na maji huyasahau.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao. Maji ya chumvi si sawa na maji matamu. Chumvi nyingi mwilini, ya maji au ya chakula, huifanya figo itoe kalsiamu zaidi kwenye mkojo, na hilo si jema kwa mwenye mawe. Maji magumu nayo huongeza kalsiamu ya mkojo kwa kiasi. Lakini mengi huja pia na magnesiamu na bikabonati, ambazo huzuia chembe zisishikane. Na uzito wa mambo haya haufui dafu mbele ya wingi wa mkojo. Parma, Italia, wagonjwa 199 waliokwisha kupata jiwe la kwanza walifuatiliwa miaka 5. Walioambiwa wanywe maji mpaka mkojo ufike lita 2 kwa siku, 12 kati ya 99 walipata jiwe tena. Walioachwa waendelee na kawaida yao, 27 kati ya 100. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1996.

Na kuna kosa moja la maji ya chumvi ambalo nalikubali bila ubishi: hayanyweki. Mtu anayepewa maji machungu hunywa mafunda mawili akaweka kikombe chini. Akiambiwa juu ya hayo kwamba maji hayo yatamjaza mawe, hata yale mafunda mawili atayaogopa. Atanunua chupa ya nusu lita dukani, aitunze kama dawa, na kutwa yake iishe kwa nusu lita hiyo. Hapo ndipo imani inapoutengeneza ugonjwa inaodai kuukinga. Mgonjwa wa mawe katika joto letu anahitaji lita 3 na zaidi kwa siku. Kwa mtu wa kawaida, lita 3 za maji ya kisima zenye ladha ya chumvi kidogo zinamfaa kuliko nusu lita ya chupa safi kabisa; ubaguzi ni maji ya chumvi kali yasiyonyweka, na wagonjwa wa presha au wale ambao figo zao zimekwisha kudhoofika, ambao wafuate maagizo ya daktari wao.

Kosa la pili la imani hii ni maziwa. Kwa kuwa jiwe ni la kalsiamu na maziwa yana kalsiamu, mgonjwa huambiwa, tena wakati mwingine na watu wenye koti jeupe, aache maziwa. Ushauri huu ulikuwa wa kawaida duniani kote zamani, na umekwisha kuvunjwa. Mwaka 1993 ulitoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanaume zaidi ya 45,000, na waliokula kalsiamu nyingi katika chakula ndio waliopata mawe machache. Watafiti wale wale wa Parma wakaja mwaka 2002 na jaribio la wanaume 120 wenye mawe ya kujirudia: waliopunguziwa kalsiamu, 23 kati ya 60 walirudiwa na mawe, walioachiwa kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama, 12 kati ya 60. Sababu yake inaeleweka. Kalsiamu ya maziwa huikamata oksaleti ndani ya utumbo, na zote mbili hutoka kwa choo. Maziwa yakiondolewa, oksaleti inaingia kwenye damu bila kizuizi na kwenda kumwagika kwenye figo.

Fikiria basi mzee wa Modogashe aliyeambiwa aache maziwa. Chai yake ya maziwa ya ngamia sasa ni chai ya rangi, ile ile oksaleti lakini bila kile kinachoikamata. Maji anayaogopa. Nyama hakukatazwa. Amepewa, kwa nia njema kabisa, maelekezo kamili ya kutengeneza jiwe la pili. Na kwa watoto hali ni nzito zaidi. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua za misimu 5 mfululizo zilipokosekana, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Mtoto aliyekuwa ananyonyeshwa kisha anapewa maziwa ya ngamia akaanza kulelewa kwa uji wa unga wa msaada. Mkumbuke mtoto wa Norfolk.

Nilisema yako mawe yasiyo na kalsiamu. Hapa ndipo neno jiografia linapokuwa na maana pana kuliko ile ya udongo. Katika nchi za joto na ukavu, mkojo hauwi mzito tu, huwa na asidi kali pia, na katika mkojo wa namna hiyo asidi ya yuriki hujigandisha mawe. Nyama nyingi huyaongezea nguvu, na kisukari vile vile. Garissa ina joto, ina nyama ya mbuzi na ngamia, na kisukari kinazidi kujulikana mitaani. Nategemea mawe haya kwetu yawe mengi kuliko Limuru au Kericho. Jiwe la yuriki lina mambo mawili ya kipekee: eksirei ya kawaida hailioni, na ndiyo aina kuu pekee kati ya hizi inayoweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, kama sitreti ya potasiamu, bila kisu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupigwa eksirei, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na maumivu yake, ilhali altrasaundi ingelionyesha jiwe na dawa ya kumeza ingelimaliza. Anayeamini mawe yote yametoka kisimani hana sababu ya kuuliza jiwe ni la aina gani.

Aina nyingine ni mawe ya maambukizo, yanayojengwa na bakteria wanaokaa kwenye mkojo kwa muda mrefu bila kutibiwa. Huwapata zaidi wanawake, na hukua haraka hata kuijaza figo. Na kwetu lazima tulitaje jambo ambalo wengi hupenda lisitajwe. Takwimu za afya za taifa za mwaka 2014 zilionyesha kuwa zaidi ya wanawake 97 katika kila 100 wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, baadhi yao kwa namna ya kushonwa. Kovu linaloziba njia huuzuia mkojo, mkojo uliozuiwa huzaa bakteria, na maambukizo yanayojirudia huzaa mawe. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011. Mwanamke mwenye hali hii akiambiwa tatizo lake ni maji ya chumvi, ameongopewa mara mbili.

Ndiyo maana nasema imani hii ni maficho. Ikiwa mchawi ni ardhi, hakuna wa kuulizwa. Hazina ya maji ya ardhini ya Merti imelala chini ya Habaswein na Dadaab, tamu katikati na ya chumvi pembeni, na hakuna gavana atakayeshtakiwa kwa jinsi Mungu alivyoiumba. Mgombea akiahidi mtambo wa kuondoa chumvi atapigiwa makofi, nami mtambo siukatai, kwa kuwa maji yakinyweka watu watakunywa. Lakini swali la mawe ya figo katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni la lita ngapi zinafika kwa kila mtu mwezi wa Machi, si la ladha yake. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa shughuli zote, kunywa, kupika na kunawa. Boza la maji lisipofika kijijini kwa wiki, kiwango hicho ni ndoto, na cha kwanza kupunguzwa ni kikombe cha kunywa cha mama mwenye nyumba.

Nayadai haya kwa kaunti hizo tatu: choo cha bure na maji ya kunywa katika kila soko ambako wanawake wanakaa kutwa, altrasaundi na kipimo cha mkojo kwa mwenye maumivu ya ubavu, na njia ya kupeleka mawe maabara yakachunguzwe, kwa sababu hadi leo mengi yanaishia chooni. Maimamu nawaomba wanapohubiri afya ya Ramadhani wawakumbushe watu kugawa maji kati ya futari na daku, si kugugumia yote kwa mara moja.

Na wewe unayeugua: kojolea kwenye kitambaa safi mpaka jiwe litoke, liweke kwenye chupa kavu, ulipeleke hospitali na uulize ni la aina gani. Maziwa yako endelea kunywa. Maji ya kisima unayoweza kuyameza, yanywe, tena mengi, mpaka mkojo uwe mweupe.